Bakuli Moja, Nyuso Sita

Bibi mzaa baba alikuwa akiniita mimi kumng'oa kope. Wajukuu tulikuwa wengi pale nyumbani, ila dada muda mwingi alikuwa kisimani, wadogo zangu hawatulii, na mimi nilikuwa na vidole vyembamba na macho yanayoona. "Mume wangu, njoo," aliniita, "zimeota tena." Tulikaa mlangoni pa tembe asubuhi, jua likiwa bado la upole, akanilazia kichwa mapajani. Kibano chake alifuliwa na mhunzi zamani sana, kipande cha chuma kilichokunjwa katikati, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Nilipaka vidole majivu ili visiteleze, nikageuza ngozi ya juu ya jicho taratibu alivyonifundisha, nikatafuta vinyweleo vilivyoota kuelekea ndani. Vilikuwa vifupi, vigumu, vingine vyeupe. Kila alipopepesa vilimkwaruza kioo cha jicho.

Nikivuta kimoja, machozi yanamchuruzika mpaka sikioni na mikono inafumbata kaniki, lakini kichwa hakitikisiki. Mkono wangu ukianza kutetemeka, ananisemesha: mbuzi yupi kazaa, nani kapita na baiskeli, mwalimu jana kafundisha nini. Anaendelea hivyo mpaka nitulie, ndipo ananiambia, haya, kingine. Maumivu yalikuwa yake, na aliyekuwa akibembelezwa ni mimi.

Kila nikisoma kumbukumbu za watu wa rika langu waliokulia kijijini, nakuta moja kati ya mambo mawili. Ama umaskini umepakwa asali, kwamba hatukuwa na kitu lakini tulicheka kutwa. Ama wazazi wamechorwa kama watu wasiojua lolote, mpaka shule na mji vilipokuja kumwokoa mwandishi. Nyumba niliyokulia haimo katika hadithi hizo zote mbili. Tulipendwa sana, na tulikuwa na njaa ya kweli. Na mapenzi yale yalikuwa kazi, kazi yenye hesabu, ujuzi na ukali, ambayo mpita njia asiyeijua angeitazama akasema hawa watoto hawana wa kuwajali. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwetu ni upande wa Mvumi, wakati ule tukiitwa Dodoma Vijijini, leo ni Wilaya ya Chamwino. Nazungumzia miaka ya 1980.

Ugonjwa wa bibi ni vikope. Madaktari wanauita trakoma. Unaletwa na bakteria anayesambazwa kwa vidole, kwa kitambaa cha kufutia uso, na kwa nzi wanaotua kwenye matongo ya mtoto huyu wakahamia kwa yule. Mtoto akiambukizwa mara moja, atapona. Akiambukizwa tena na tena mwaka hadi mwaka, ngozi ya ndani ya jicho inajaa makovu, inajikunja, kope zinageukia ndani na kuanza kukwangua, hata kioo cha jicho kinaingia ukungu. Kwa hiyo ugonjwa unaokotwa utotoni na upofu unakuja ukubwani. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, maana ndio wanaoshinda na watoto mgongoni na mapajani. Jirani zetu wa Kongwa wanajulikana na mabingwa wa macho duniani kote kwa ajili ya ugonjwa huu, kwa jinsi ulivyokuwa mwingi kule na kwa utafiti uliofanyika huko miaka na miaka.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulijua kwamba wazee wa Ugogo macho yao huharibika, na kwamba mzee asiyeona anaongozwa kwa fimbo na mjukuu.

Nikiwa darasa la tatu walikuja wageni wa afya kwa gari. Akina mama waliitwa chini ya mbuyu, watoto tukapangwa mstari, tukageuzwa macho mmoja mmoja. Walipomaliza, mmoja wao, mwanamke aliyevaa sare safi sana, aliwauliza akina mama kwa sauti ya kukaripia: "Hivi mnashindwa hata kuosha watoto uso?" Hakuna aliyejibu. Mama yangu alikuwa mbele kabisa, amempakata mdogo wangu, akainamisha kichwa. Nilimwona akimfuta mtoto uso kwa ncha ya kanga, mara moja, haraka, kisha akaacha.

Yule mgeni alikuwa anajua ugonjwa kuliko sisi sote. Alichokuwa hakijui ni mahali maji yalikotoka.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Desemba, zinaisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki milimita 600 katika sehemu nyingi. Hapo katikati, mwezi wa pili hivi, hukatika wiki kadhaa mazao yakiwa yanazitaka kuliko wakati wowote. Baada ya hapo ni ukame na upepo. Mpaka Juni tulikuwa na maji ya bwawa, tukichangia na ng'ombe. Kuanzia Agosti maji yetu yalikuwa chini ya mchanga wa korongo. Unachimba kwa jembe na kwa mikono hadi mchanga ubadilike rangi, unasubiri. Maji yanachuruzika polepole kutoka pembeni, machache, ya rangi ya maziwa. Unayachota kwa kata ya kibuyu, unasubiri tena. Kufika Oktoba shimo limezidi kimo cha mtu mzima. Mmoja anashuka chini, mwingine anapokea juu, na ukingo unazungushiwa matawi ya miiba ili punda na ng'ombe wasije wakaporomosha mchanga juu ya aliye ndani. Ilishawahi kutokea kijiji cha pili, na mtu hakutoka mzima.

Foleni ilikuwa ya usiku. Dada yangu, ambaye amenizidi miaka minne, aliamshwa saa nane. Aliondoka na mama au shangazi, ndoo kichwani na kata ndani yake, wakarudi jua limeshapanda. Ndoo mbili za lita ishirini, na siku nzuri tatu, kwa watu kumi na ndama mmoja. Humo humo kupikia, humo humo kunywa, humo humo uji wa bibi.

Sasa tazama mama alivyofanya na hayo maji. Alikuwa na bakuli la bati lenye maua mekundu pembeni, limebanduka rangi chini. Kila asubuhi alilitia maji kiasi cha kufunika vidole, akatupanga watoto sita: dada, mimi, wadogo zangu wawili, na watoto wawili wa shangazi. Hatukuruhusiwa kutia mkono ndani. Alichota kwa kiganja chake, akamimina kwenye kiganja cha mtoto, mtoto akaosha macho kwanza, kisha pua, kisha mdomo. Mwenye macho safi alitangulia na mwenye matongo alikuwa wa mwisho, na kila siku mama alitutazama kwanza machoni ndipo akatangaza zamu. Kitambaa cha kujifutia hakikuwepo. Tulisimama juani tukauke, naye alituchapa mikono tukijifuta kwa shati la mwenzetu. Maji yaliyobaki waliachiwa kuku.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameona tu kwamba mtoto akimfuatia mwenye matongo, kesho naye anaamka macho yamegandamana. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kuhusu mpango ambao Shirika la Afya Duniani linautumia dhidi ya vikope, wenye nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa, uso safi na mazingira safi. Nikafika kwenye maelezo kwamba kuosha uso hakuhitaji maji mengi, kunahitaji mazoea. Nikaweka kitabu chini, nikamwona mama yangu na bakuli lake la bati, na wale akina mama chini ya mbuyu wakikaripiwa. Tulivyokuwa tumepangwa mstari siku ile, nyuso zetu zilikuwa na vumbi la saa tano za asubuhi. Zilikuwa zimeoshwa.

Mimi na wadogo zangu tuna macho mazima leo. Natamani yule mgeni angejua.

Kuhusu chakula, aliyekuwa na mamlaka ni bibi. Ndani kabisa, chumba chenye giza, kulikuwa na vilindo vya kuhifadhia uwele na mtama, na hakuna mwanaume aliyevifungua, hata baba. Bibi alikuwa anapima kwa kibuyu kilichokatwa, mara moja kwa siku, asubuhi, macho yaone yasione, maana alikuwa akipapasa kwa mkono kujua nafaka imeshuka kufikia wapi. Mwezi wa tisa, vilindo vikiwa bado vina zaidi ya nusu, sisi tulikuwa tunakula mlo mmoja. Jioni, ugali wa uwele na mlenda, basi. Mchana ni ubuyu, kuumung'unya mpaka meno yanakufa ganzi, na mbegu zake tukizikaanga. Nilikuwa nalia. Nilijua nafaka ipo, nimeiona, na watu wazima wananinyima. Mtoto haelewi zaidi ya hapo, na sioni kwa nini angeelewa.

Hesabu ya bibi ilikuwa hii. Njaa ya Ugogo haiji wakati wa kiangazi, watu wakiwa wamekaa vivulini. Inakuja Januari na Februari, wakati wa palizi. Ndipo vilindo vimekwisha kwa wengi, mazao bado mabichi, na ndipo jembe linapotaka nguvu zako zote. Nyumba ikiishiwa wakati wa palizi, watu wanakwenda kulima kwa jirani mwenye chakula ili wapewe kibaba, shamba lao linamezwa na majani, na mwaka unaofuata njaa inakuwa kubwa zaidi. Nyumba ikishaingia kwenye mzunguko huo, kutoka ni kazi ya miaka. Bibi alikuwa analinda Februari. Alitunyima Septemba ili tule Februari, na kweli, mwezi huo tulikuwa tunakula mara mbili, wakati ambapo watoto wa majirani walikuwa wanakula mboga za porini bila ugali. Wakija kwetu walikula nao. Hiyo nayo ilikuwa kwenye hesabu yake. Alikuwa anapima na wa jirani.

Ukali ule ulikuwa na chanzo chake. Bibi alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya kati ya 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katikati ya nchi yetu. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kulisha majeshi yao, wakachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza wakaingia Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua. Mvua zilipokataa, watu hawakuwa na mifugo ya kuuza wala akiba ya kula, wakafa kwa maelfu, na juu yake yakaja mafua makubwa ya 1918. Baba yake bibi alimbeba begani hadi milima ya Mpwapwa, kwa watu waliokuwa na chakula, akamwacha kwao akapewa nafaka ya kurudi nayo kwa wadogo zake. Baada ya mavuno mawili alirudi kumchukua. Bibi alisimulia hadithi hiyo mara nyingi tukiwa tunapukuchua karanga, na kila mara alisimama kwenye sehemu ileile: wako walioachwa wakati ule na hawakufuatwa. Sehemu hiyo ilimshinda, akakohoa, akaomba maji. Halafu asubuhi anakwenda kupapasa kilindo.

Hata mahindi ya msaada yalipokuja, yale ya njano tuliyoyaita Yanga kwa ajili ya rangi ya jezi za timu, bibi hakuyapika peke yake. Aliyachanganya na uwele nusu kwa nusu, yakachukua muda mara mbili.

Uwele wenyewe tuliulima kwa kuberega. Hatukutifua ardhi, tulikwangua majani na mabua kwa jembe, tukayakusanya, tukayachoma, tukachimba vishimo na kupanda kabla au mara tu baada ya mvua ya kwanza. Wataalamu wa kilimo walikuwa wakiwasema sana wazee kwa mtindo huo, na wana haki kwa upande mmoja, maana udongo unachoka. Lakini mvua ikishanyesha kwetu hujui ya pili ni lini. Anayekaa kutifua ekari nzima kwa jembe la mkono anapoteza unyevu ambao mwenzake ameshaupandia mbegu. Na mashamba yenyewe yalikuwa mbali. Kijiji chetu kilikuwa cha Operesheni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika wakaletwa kando ya barabara. Walipata shule na zahanati, na mimi ni zao la shule hiyo, siwezi kuibeza. Ila waliacha nyuma mashamba yaliyozunguka maboma ya zamani, yenye samadi ya ng'ombe ya miaka mingi. Baba aliendelea kulima kule kule kwenye boma la baba yake, mwendo wa saa moja na nusu.

Baba hakuwa na ng'ombe wake. Alikuwa anatunza wa mtu mwingine, utaratibu wa kawaida kwa Wagogo: mwenye ng'ombe wengi anawagawa kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa au ukame wa sehemu moja usimmalize, na anayetunza anapata maziwa na samadi. Hivyo maziwa ya mgando tuliyokunywa yalikuwa ya ng'ombe ambao si wetu, na baba aliwajua kwa majina wote. Kiangazi alikwenda kufanya vibarua kwenye mkonge upande wa Kilosa, akarudi na sukari, sabuni ya mche na kitambaa. Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Nikitaka kueleza mapenzi yake nina siku za kuamia ndege tu.

Mei uwele ukishakomaa, kwelea kwelea wanakuja. Wanakuja kwa wingi usioweza kuuelezea kwa mtu ambaye hajauona, kundi moja likitua linalaza masuke, na nusu saa tu inatosha kuondoka na chakula cha miezi. Watoto tulipanda juu ya dungu, jukwaa la miti lenye urefu wa mtu mmoja na nusu, tangu alfajiri hadi ndege wanapokwenda kulala, tukipiga kelele, tukipiga debe, tukirusha mawe kwa kombeo. Shuleni viti vilibaki vitupu mwezi mzima, na walimu walijua. Mchana jua likiwa utosini, sauti imekauka, mtu unasinzia umesimama. Ndipo baba alikuwa anatokea. Alitembea ile saa moja na nusu akiwa na kibuyu cha uji wa uwele wenye ubuyu, uji mchachu unaokata kiu, akanipa, akapanda dungu yeye. Mimi nililala chini ya dungu, kwenye kivuli chake, na nilisikia juu yangu baba akipiga debe na kuwapigia ndege mayowe. Huyu ni mtu ambaye nyumbani sauti yake hukuisikia siku nzima. Alinipa usingizi wa saa moja, akashuka, akanipa kombeo, akarudi kwa ng'ombe wa watu.

Usiku wa mvua ya kwanza ndio tulipokuwa pamoja sote. Paa la tembe ni bapa, miti na udongo juu yake, ambako kiangazi kizima mama alianika mlenda, majani ya kunde na maboga yaliyokatwakatwa. Udongo ukikauka unapasuka, na mvua ya kwanza inapita kwenye nyufa. Baba yuko juu gizani anakandika tope, mama anakimbiza mlenda uliobaki, bibi anatuelekeza kwa sauti wapi pasipovuja kwa sababu ameisikia nyumba ile kwa miaka mingi. Tulisogezwa na ngozi yetu ya ng'ombe, sita juu ya ngozi moja, kutoka kona hii hadi ile, usiku kucha. Hakuna aliyenuna. Mvua imekuja.

Kuna jambo linaniuma nikiwa mjini. Ukisema unatoka Dodoma, hasa Dar es Salaam, mtu anacheka na kutaja ombaomba. Mgogo na bakuli, wanasema. Wamewaona vipofu wa kwetu wakiongozwa na watoto kwenye taa za barabarani, na picha imewaganda hiyohiyo. Mimi nikiwaona wale wazee naangalia macho, na mara nyingi najua kilichoyaharibu, na najua kilianza wakiwa na miaka miwili au mitatu, mahali ambapo ndoo ya maji ilikuwa usiku mzima. Watu hao walitoka kwenye nyumba zenye bibi kama wangu. Njaa ya mwaka fulani ilikuwa kubwa kuliko hesabu, basi. Hesabu nzuri kuliko zote haizidi mvua.

Bibi alifanyiwa upasuaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni operesheni ndogo, wanageuza ukingo wa ngozi ya jicho ili kope zitazame nje, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kuifanya. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwisha. La kulia liliokolewa, hafifu, la kutosha kujua ni mjukuu yupi anaingia mlangoni. Siku hizi vikope vimepungua sana. Dawa ya azithromycin ilikuja kugawiwa bure vijijini, na visima virefu vikachimbwa. Siku aliyorudi kutoka kwenye upasuaji, bibi aliniambia nimtupie kile kibano chooni. Nilikitupa.

Nimebakiza habari ya dada, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Jina la dada lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio la shule. Mwenyewe alikuwa korongoni. Aliyeamka saa nane akarudi jua limepanda na ndoo kichwani hawezi kukaa darasani akajua hesabu, na mara nyingi hakwenda kabisa. Mimi nilikwenda kila siku isipokuwa msimu wa ndege, nikiwa nimeoshwa uso kwa maji aliyoyabeba yeye. Nilichaguliwa kwenda sekondari. Yeye aliolewa. Mama aliwapenda watoto wake wote, hilo halina ubishi hata kwa dada mwenyewe, lakini nyumba yetu ilikuwa na mahitaji ya mtu mmoja wa kubeba maji na ilimchagua msichana wa kwanza, kama nyumba zote za pale. Mapenzi hayakumwondolea ndoo. Ndiyo maana siwezi kuandika kwamba tulikuwa maskini lakini tuliishi vizuri. Wako tulioishi vizuri kwa mgongo wa mtu.

Krismasi iliyopita tulikutana wote kwa mama, na wadogo zangu walikuwa wanasimulia watoto wao mambo ya zamani, mlenda, dungu, kulala juu ya ngozi, kila mtu anacheka. Dada alisikiliza kwa muda, akasema, "Nyie mnakumbuka mchana. Mimi nakumbuka usiku." Mama akasema, "Ni kweli, mwanangu." Hakujitetea. Akamkatia dada nyama ya kwanza, kabla ya wanaume, na hakuna aliyesema kitu.

Dada ana ekari moja ya zabibu, anavuna mara mbili kwa mwaka, na fedha za mavuno ya kwanza hakujengea wala hakununulia nguo. Alinunua punda na madumu manne, ili mabinti zake wasibebe maji kwa kichwa na wasikose kipindi hata kimoja. Mume wake alitaka wanunue ng'ombe. Walibishana msimu mzima, punda akanunuliwa. Mabinti wote wawili wamemaliza kidato cha nne. Bomba limefika kijijini kwake sasa, lipo karibu kabisa na nyumba, lakini punda bado anamfuga na madumu anayatunza, kwa sababu ikifika Oktoba bomba hilo linatoa upepo.